Bwana Karibu na Duka Lisilo na Watu

Mume wangu ni bawabu, na usije ukamwita mlinzi, atanuna siku nzima. Mlinzi, anasema, kazi yake kuzuia watu. Bawabu kazi yake kuwapokea. Anasimama mlangoni pa duka la kampuni ya simu, lile la vioo toka chini mpaka juu pale kwenye makutano, na kila anayefika anamwambia, "Karibu, karibu sana." Amelisema neno hilo mpaka mtaa umesahau jina alilopewa na mama yake. Wanamwita Bwana Karibu. Hata mimi mkewe nikitoka kuoga ananiambia karibu, tunacheka wote wawili.

Kicheko hicho lakini kilipotea humu ndani kwa muda mrefu. Kabla ya duka alikuwa akifanya kazi kiwanda cha magodoro, na kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani, akakaa. Jamani, kuna watu wameumbwa kukaa, mume wangu si mmoja wao. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa sebuleni. Mwanzoni akajitia kunisaidia: akazipanga nyuzi zangu upya, nikawa natafuta nyeusi naipata nyeupe. Akawa anawaambia wateja wangu gauni limewabana, wakati mimi ndiye niliyelibana kwa makusudi! Hayo niliyavumilia. Kilichonitisha ni pale alipoacha kusema. Akaacha kunyoa ndevu, akawa anakaa dirishani redio imezimwa, anatazama barabara. Ukimuuliza unawaza nini, anajibu hakuna. Mara ngapi nimelia jikoni bomba la maji likiwa wazi ili asinisikie, Mungu ndiye anajua. Kwa hiyo duka lilipomchukua, wengine walisema amepata kazi. Mimi nilisema nimerudishiwa mume.

Duka lenyewe la ajabu kidogo. Limejaa meza nyeupe zenye simu juu yake, lakini hutoki na kitu. Unashika, unabonyeza, unauliza maswali, ukipendezwa unaagiza mtandaoni na mzigo unakufuata kwako. Hivyo ndivyo kampuni ilivyopanga. Wateja nao walikuwa na mipango yao: walikuja kusema yaliyowakaa moyoni. Kuna mama alinunua simu inayomtambua mwenyewe kwa sura, na siku alipofumua nywele ikamkana. Alikuja nayo ameishika juu kama ushahidi. "Mume wangu mwenyewe hajawahi kunikana," alipiga kelele, "sembuse kidude hiki!" Mzee mmoja alirudisha saa ya mkononi kwa sababu ilimwambia ainuke, amekaa sana. "Saa gani hii inaniamrisha? Mimi nimestaafu!" Na habari ya chaja ndiyo usiseme. Simu mpya ilikuja kwenye boksi bila chaja, kampuni ikaeleza kwamba inatunza mazingira, na dereva wa lori akauliza kama magari nayo siku hizi yanauzwa bila matairi ili kutunza barabara.

Mume wangu aliyaokota yote hayo akaniletea jioni. Ananiigizia sauti, ananiigizia mwendo, mimi nimeshika mbavu na sindano iko mdomoni. Nilikuwa namgojea arudi kama mtoto anayengoja sukari.

Sasa tuje kwenye mlango, maana ndio uliotaka kutuua. Kampuni ina sheria: kioo cha mbele kisibandikwe kitu chochote, hata stika ya ukubwa wa ukucha. Na mfagiaji wa pale ni mwanamke anayeipenda kazi yake kupita kiasi. Alikisugua kile kioo mpaka kikatoweka. Watu walikuja wakiwa wameshaziona simu kule ndani, macho yametangulia, miguu inafuata. Puu! Pua kwenye kioo. Jirani yetu, Mwalimu Mstaafu, alijigonga miwani ikapinda, akakaa chini pale kizingitini akiuliza nani amempiga. Mume wangu akapeleka malalamiko kwa meneja, meneja akayapeleka makao makuu, makao makuu wakajibu kwamba kioo safi ndiyo sura ya kampuni. Sura yao, pua zetu.

Siku mjamzito alipoponea chupuchupu, mume wangu akasema liwalo na liwe. Akautia komeo mlango wa kioo, akafungua ule wa ubavuni wa kuingizia mizigo, mlango wa chuma wenye rangi ya bluu ambao hata mimi bila miwani nauona. Akatandika kizulia cha kufutia miguu, akahamia huko na karibu zake. Meneja ni binti mchangamfu, wafanyakazi wanamwita Bosi Mdogo kwa sababu ya kimo chake. Alipoona hakuna tena anayetoka damu puani, hakuuliza. Asubuhi wafanyakazi wenyewe waliingia kwa mlango wa kioo na jioni wakatokea huko huko, basi. Mchana kutwa ulikaa umefungwa.

Na watu waliupenda huo wa ubavuni! Walisema ule wa mbele ulikuwa unawafanya wajikague viatu kwanza, huu unaingia tu kama unaingia kwa shangazi yako. Wakazidi kuja.

Halafu tukaanza kusikia utabiri. Mimi watabiri wa soko siwaelewi. Yule wa mvua angalau hutazama mawingu. Tulikuwa mezani, redio inaongea, mchambuzi mwenye sauti nzito akasema kampuni ile imegundua kwamba wateja wamechoka na maduka. Wanataka mtandao mtupu. Na katika maeneo ya aina yetu ndiyo kabisa, watu hawakanyagi tena dukani.

Mume wangu aliweka kijiko chini. "Hawakanyagi? Mbona leo nimekanyagwa mimi?"

"Labda wanasema maduka mengine," nikamwambia. "Kula."

Tukala. Haukupita muda Bosi Mdogo akawaita wafanyakazi wote, macho yamemvimba, akawaambia makao makuu wameamua. Mwisho wa mwezi duka linafungwa. Takwimu zinaonyesha halina watu. Habari ikatoka nje mara moja, maana wateja walikuwa wamejaa mle ndani wakati linasemwa hilo, na Mwalimu Mstaafu akauliza kwa sauti ile ile aliyofundishia darasa la watoto sabini: "Halina watu? Na sisi hapa ni nini, mbuzi?"

Kila mtu alicheka isipokuwa mume wangu. Kesho yake asubuhi alitoka bila kunyoa. Nilimwona akipita pale mlangoni na kidevu chake cha mvi. Sikuogopa njaa, wallahi. Cherehani yangu inatulisha, tutabana hapa, tutafungua pale. Niliogopa kile kimya. Niliogopa kuishi tena na mtu aliyepo na hayupo.

Siku chache baadaye akaja mgeni kutoka makao makuu, mama mmoja mrefu, laptopu kwapani, pamoja na fundi wa kuondoa vifaa. Fundi akasimamisha ngazi mlango wa mbele, akatoa bisibisi, akaanza kufungua kidude cheusi kilichojificha juu ya fremu, kikubwa kidogo tu kuliko kifungo cha koti. Mume wangu akamshikia ngazi. Ndivyo alivyo; hata anayekuja kumbomolea nyumba atamshikia nyundo. Katika kupiga soga akamuuliza hicho ni nini, maana yeye siku zote alijua ni king'ora cha wezi.

"Hili ni jicho," fundi akamwambia. "Linahesabu wanaoingia. Nyinyi hapa watu wanashika tu kisha wanaagiza kwa mtandao, sasa wakubwa watajuaje duka lina watu? Ndiyo kazi ya hili."

"Na ubavuni kuna jingine?"

"Ubavuni si panaingia mizigo? Mizigo ihesabiwe ya nini?"

Mume wangu aliniambia kwamba kuanzia hapo aliishika ile ngazi ili yeye mwenyewe asianguke.

Alikuja nyumbani saa ya chakula, jambo ambalo hafanyi. Akasimama katikati ya sebule, hakukaa. "Mke wangu," akasema, "duka nimelifunga mimi."

Nilidhani amechanganyikiwa. Akanieleza taratibu, mlango huu na mlango ule, jicho na komeo, na mimi nikaacha kukanyaga cherehani. Kumbe muda wote huo, huko makao makuu walikuwa wanaliona duka wanaloingia watu wale wale wachache asubuhi na kutoka jioni: Bosi Mdogo, mfagiaji, wenzao, na Bwana Karibu mwenyewe. Wakatoa takwimu, takwimu zikazaa utabiri, utabiri ukasomwa redioni na mtu mwenye sauti nzito. Na sababu ni kwamba mume wangu aliwaonea watu huruma pua zao.

"Umemwambia nani?" nikauliza.

"Wewe."

"Basi iishie hapo hapo. Nyamaza."

Akanitazama. Nikapandisha sauti, maana mimi nikiogopa nakuwa mkali, na watu wangu wananijua. Nikamwambia duka likijifia lenyewe, yeye ataondoka na heshima yake; Bosi Mdogo ameshamwahidi kumsemea kwenye benki ya jirani, wanatafuta bawabu. Lakini akienda kujisema, atakuwa mtu aliyevunja sheria ya kampuni na kuwaua wenzake. Nani atampa mlango mwingine? "Usijipalie makaa! Kunyamaza hakujamuua mtu!"

Chakula alikiacha, akarudi kazini. Jioni hakuniigizia mtu yeyote, na usiku alikuwa akijigeuza tu upande huu na upande ule, kitanda kinalia, na mimi nimefumba macho kama nimelala.

Asubuhi nilisikia maji. Nikainuka, nikamkuta mbele ya kioo ananyoa. Amenyoa vizuri, mpaka chini ya kidevu, kisha akapiga pasi shati mwenyewe.

"Mapema yote hii unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Unakwenda kusema?"

"Nakwenda kusema."

Maneno niliyomwambia pale sitayarudia, kuna watoto watasikia. Aliyasikiliza yote mpaka nikaishiwa, akavaa koti lake la kazi, akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Nikajiambia nishone, mikono ikishughulika na moyo utatulia. Uongo mtupu. Nilishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, nikafumua, nikaushona vile vile tena. Kila kiatu kikilia nje nainua kichwa. Nilianza kupanga maisha: kiti cha dirishani nitakihamisha nikiweke chumbani, au nikigawe kabisa, ili asipate pa kukaa akanyamaza. Nikamwomba Mungu, nikagombana naye, nikamwomba tena radhi.

Haijafika adhuhuri, mlango ukafunguliwa. Mume wangu. Amevaa shati tu, koti hana.

"Wamekuvua koti!" Nilisimama gauni likaanguka. "Wamekuvua na koti! Washenzi wakubwa! Wana vioo mpaka kwenye nyuso lakini haya hawana! Kwani hilo koti lingewapunguzia nini?"

Niliendelea, siwezi kukudanganya. Nilimtukana yule mama mrefu, nikamtukana mchambuzi wa redio, nikaitukana na ngazi. Kumbe mume wangu amekaa sakafuni, mgongo umeegemea cherehani, anacheka. Anacheka mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Kaa kwanza," akasema. "Kaa nikusimulie."

Alimkuta mgeni anakunywa chai na Bosi Mdogo. Akasimama mbele yao akasema yote kwa mkupuo mmoja, kabla ulimi haujakauka: mlango wa mbele niliufunga mimi, wa ubavuni nikaufungua mimi, ruhusa sikupewa na mtu, watu walikuwa wanaumia. Jicho lenu halikumwona mteja kwa sababu yangu. Bosi Mdogo akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Mimi nilijua jicho lipo," akasema, "lakini nilidhani liko darini linaangalia duka zima."

Mgeni hakukasirika, hakucheka. Alimuuliza jambo moja. "Hao watu wa ubavuni, leo watakuja?"

"Ngoja tufungue," mume wangu akamjibu.

Mgeni akachukua laptopu yake, akaenda kusimama ubavuni. Mume wangu akafungua. Wa kwanza alikuwa yule mama aliyekanwa na simu, safari hii ameongozana na mdogo wake. Anataka aelezwe kwa nini yeye inamkataa lakini mdogo wake inamfungulia bila hata kubisha hodi. Nyuma yake dereva wa lori, kisha watu wa saa, watu wa chaja, wenye picha zilizopotea, na wale wasio na shida yoyote waliokuja kusikiliza shida za wenzao. Mgeni anajaribu kuhesabu, anasogea, anahesabu, anasogea, mara akajikuta amesimama katikati ya njia. Mwalimu Mstaafu akamgusa bega.

"Mwanangu, foleni inaanzia nyuma. Umependeza, lakini inaanzia nyuma."

"Samahani, mimi natoka makao makuu."

"Sote tumetoka mbali," Mwalimu akamwambia. Wale waliokuwa nyuma wakasukuma, mama wa watu akaingizwa dukani bila kutaka, laptopu imekumbatiwa kifuani.

Alipofanikiwa kuchomoka, akapiga simu akiwa barabarani. Mume wangu alikuwa akimpokea mteja, sikio lote liko kwa mgeni. "Hapana, si tupu," alikuwa akisema. "Nimesukumwa. Ndiyo, na wateja. Nawaambia nimesukumwa!" Alizungumza hivyo kwa muda mrefu, anatembea huku na huku, anapunga mkono kana kwamba wakubwa wanamwona. Aliporudi alimwambia fundi akifunge kile kidude tena mbele, na kingine ubavuni. Duka halifungwi. Na ule utabiri wa maeneo yetu wataufanya upya, mchambuzi naye akapumzishe koo.

"Mungu mkubwa," nikasema. Halafu nikamkazia macho. "Na wewe?"

Akapangusa uso kwa kiganja. Kile kicheko kikapungua. "Mimi nimeitwa pembeni. Ameniambia nimevunja sheria ya kampuni, na kwamba kule juu kuna watu watanikasirikia mpaka wazeeke."

"Halafu?"

"Halafu akaniambia nirudi nyumbani."

"Si nilisema! Si nilikwambia!"

"Mwanamke, sijamaliza. Nirudi nyumbani nikalale. Anasema macho yamekuwa mekundu kama pilipili, nitawatisha wateja. Koti nimeliacha kwenye msumari wangu. Kesho naingia kama kawaida."

Nilikaa chini pale pale, juu ya gauni la watu, nikalia kwa sauti, bomba hakuna wala nini. Yeye akanikumbatia, ananinukia sabuni ya kunyolea. Nikampiga ngumi ya mgongo kwa kunitia roho mkononi asubuhi nzima, nikamshika tena asiondoke.

"Si ulisema kunyamaza hakujamuua mtu?" akanitania.

"Nilisema kwa woga."

"Najua." Akanyamaza kidogo, lakini hakikuwa kile kimya cha zamani, niliisikia tofauti yake. "Kufukuzwa mimi nimeshafukuzwa, nikarudi kwako ukanivumilia. Hilo naliweza. Lakini kukaa humu ndani najua Bosi Mdogo na yule mfagiaji hawana kazi kwa sababu yangu, na mimi nimefunga mdomo... ungenizika, mke wangu."

Nilimpakulia, akala sahani ikang'aa, kisha akajilaza kwenye mkeka hapo hapo sebuleni, hata chumbani hakufika. Alianza kukoroma kabla sijaondoa vyombo. Nilikuwa na kazi ya watu ya kumaliza, lakini cherehani yangu ina kelele, kwa hiyo nikachukua sindano nikaushona ule mkono kwa mikono, taratibu, kwenye bega lake sahihi.

Bibi harusi akaja kuulizia gauni. Ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Nikamkimbilia mlangoni, kidole mdomoni.

"Kuna mgonjwa?" akanong'ona, ameshtuka.

"Hakuna mgonjwa," nikamwambia. "Mume wangu amelala. Kesho ana kazi."